Nani Alikaa Nyuma ya Kioo? Mhadhara juu ya Kuchagua Rekodi za Tamthilia za Muziki



Mtu aliyetaka kuisikiliza My Fair Lady nyumbani kwake mwaka 1956 hakuwa na la kuchagua. Santuri ilikuwa moja, akainunua, basi. Leo mtu huyo akiandika jina la tamthilia hiyo kwenye simu yake anamwagiwa rundo: New York 1956, London 1959, filamu ya 1964, New York tena 1976, London 2001, New York 2018. Nyimbo ni zilezile, waimbaji mbalimbali, na kila jalada linajisifu. Wapenzi wa tamthilia za Broadway na London wanabishana juu ya jambo hili kama mashabiki wa Simba na Yanga, na mabishano yao karibu yote yanahusu waimbaji: huyu ana sauti, yule hana. Mimi nakuja na swali jingine. Kabla ya kuuliza nani aliimba, uliza nani alikaa nyuma ya kioo cha studio siku ile, yaani mtayarishaji alikuwa nani na alikuwa anatafuta nini. Nitajaribu kuwaonyesha kwamba swali hilo linajibu mengi kuliko lile la waimbaji.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Wengi wetu Afrika Mashariki tunaijua Sarafina! kwa filamu ya 1992, ya Leleti Khumalo na Whoopi Goldberg, na nyimbo tunazozikumbuka ni za filamu. Lakini Sarafina! ilianzia jukwaani. Mbongeni Ngema aliitunga, Hugh Masekela akachangia nyimbo, ikaonyeshwa Market Theatre mjini Johannesburg mwaka 1987, ikavuka bahari hadi New York, na mwaka 1988 ilikuwa Broadway. Kuna rekodi ya waigizaji wa jukwaani na kuna rekodi ya filamu, na hizo ni kazi mbili. Rekodi ya waigizaji ni ya watu wanaoimba nyimbo hizo kila usiku mbele ya hadhira, wakaingia studio na kuziimba tena. Ya filamu inaweza hata isiwe na sauti ya mtu unayemwona. Katika filamu ya My Fair Lady uso ni wa Audrey Hepburn, lakini sehemu kubwa ya uimbaji ni ya Marni Nixon, ambaye aliwaimbia pia Deborah Kerr katika The King and I na Natalie Wood katika West Side Story. Nixon alikuwa fundi hasa. Ila leo sizungumzii filamu.

Rekodi za waigizaji ni za zamani kuliko watu wanavyodhani. Waigizaji wa Florodora waliimba mbele ya mashine za kurekodi London mwaka 1900, na mwaka 1938 Marc Blitzstein alirekodi The Cradle Will Rock, yeye mwenyewe akipiga piano. Hata hivyo biashara yenyewe, kama tunavyoijua, ilizaliwa na Oklahoma!, na ilizaliwa katikati ya mgomo. Chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kilikuwa kimewapiga marufuku wanachama wake kurekodi tangu tarehe 1 Agosti 1942, kikidai wanamuziki nao wapate fungu katika mauzo ya santuri. Oklahoma! ikafunguliwa tarehe 31 Machi 1943. Watu wakapanga foleni, mji mzima ukaimba nyimbo zake, na dukani hakuna kitu. Kampuni ya Decca ikatangulia kukubaliana na chama mwezi Septemba, huku wapinzani wake wakubwa, Columbia na Victor, wakiendelea kushikilia msimamo hadi mwaka uliofuata. Oktoba hiyohiyo Jack Kapp wa Decca aliwaingiza studio Alfred Drake, Joan Roberts, Celeste Holm, waitikiaji wote na okestra ya ukumbi, akatoa santuri sita ndani ya jalada moja.

Santuri sita ni nyuso kumi na mbili, na kila uso ni kama dakika tatu. Hapo ndipo kazi ya mtayarishaji ilipoanza kuonekana. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya His Master's Voice, mpaka uliowakabili ulikuwa huo wa dakika tatu na ushei: wimbo unaokesha nao harusini lazima uingie kwenye uso mmoja wa santuri. Kapp naye akakata, akaacha nyimbo kadhaa nje. Baadaye, mauzo yalipokuwa mazuri, akatoa jalada la pili lenye baadhi ya zilizoachwa. Mmojawapo ni wimbo wa Jud, yule kibarua mwenye kinyongo anayeishi peke yake na chuki zake. Jukwaani aliuimba Howard Da Silva. Kwenye santuri aliuimba Alfred Drake, yaani shujaa wa hadithi, adui wa Jud, ndiye anaimba uchungu wa Jud! Huenda kwa Kapp jambo lilikuwa rahisi, maana Drake alikuwa nyota na nyota huuza. Basi tangu siku za mwanzo rekodi ya waigizaji haikuwa picha ya kilichotokea jukwaani. Ni uamuzi wa mtu fulani kuhusu nini kibaki, na wakati mwingine uamuzi huo ni wa ovyo.

Aliyeigeuza kazi hiyo kuwa sanaa ni Goddard Lieberson wa Columbia. Alizaliwa Uingereza, akasomea utunzi wa muziki Marekani, akaingia Columbia mwaka 1939 na kupanda hadi kuwa rais wa kampuni. Mwaka 1948 Columbia ilileta santuri ya mwendo wa pole, yenye zaidi ya dakika ishirini kila upande, na Lieberson alielewa mara moja kwamba sasa tamthilia inaweza kukaa kwenye santuri moja ikiwa na mwanzo na mwisho wake. South Pacific ya 1949, ya Mary Martin na Ezio Pinza, ilikaa nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Marekani kwa wiki 69. Baada ya hapo waliokuwa wakimwona Lieberson kama mtu wa anasa walinyamaza. Ilipofika zamu ya My Fair Lady, CBS, iliyoimiliki Columbia, ilitoa mtaji wa tamthilia yote. Kampuni ya santuri ikawa ndiyo inayolipia jukwaa.

Niruhusuni nikae kidogo na rekodi hiyo, maana ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka kusema. Tamthilia ilifunguliwa tarehe 15 Machi 1956. Tarehe 25, siku ya Jumapili, waigizaji waliingia studio ya Columbia ya Mtaa wa 30, jengo lililokuwa kanisa, lenye dari refu na mwangwi ambao wahandisi waliuonea fahari. Humohumo Miles Davis alirekodi Kind of Blue miaka mitatu baadaye. Jumapili ilichaguliwa kwa sababu kumbi zilikuwa zimefungwa, na kazi ililazimika kumalizika upesi kwa sababu, kwa taratibu za chama cha waigizaji, siku moja ya kurekodi ililipwa mshahara wa wiki nzima. Kwa hiyo unachosikia ni watu waliokuwa na kazi hiyo Broadway kwa siku kumi tu, wamechoka, wana furaha, na saa inawakimbiza.

Rex Harrison, aliyeigiza mwalimu katika hadithi, hakuwa mwimbaji, na hakujifanya. Anasema maneno yake juu ya muziki, anagusa noti pale anapotaka na kuiacha anapotaka. Ukumbini ilimbidi sauti ifike safu ya nyuma. Studioni maikrofoni iko karibu, na Lieberson alimwacha ashuke, anong'one, afoke, avute maneno kama mwalimu anayejisikiliza mwenyewe. Julie Andrews, aliyeigiza mwanafunzi wake Eliza, alikuwa na miaka ishirini. Sikilizeni hasira yake katika wimbo ambao Eliza anapanga visasi dhidi ya mwalimu wake: ni hasira ya msichana hasa, haijapigwa pasi.

Mwaka 1959 Harrison, Andrews na mwigizaji mwenzao Stanley Holloway walirekodi tena, London, safari hii kwa stirio. Ile ya New York ni ya mono. Wauzaji wa vyombo vya muziki waliisifu sana ya London, na wako wanaoishikilia hadi leo: okestra imetanuka, sauti ziko kushoto na kulia, kila ala inasikika. Yote hayo ni kweli. Lakini Harrison wa 1959 amekwisha kuucheza uhusika huo usiku baada ya usiku, na anajua kicheko kitatokea wapi. Anakisubiri. Wa 1956 bado anautafuta. Mimi nachukua ya mono bila kusita, na nikisikia mtu ameichagua nyingine kwa sababu ya stirio tu, najua amenunua spika mpya.

Sauti nzuri nayo ni mtego. Mfano mkubwa ninaoujua ni wa mtunzi wa West Side Story mwenyewe, Leonard Bernstein. West Side Story ilirekodiwa na waigizaji wa kwanza, Carol Lawrence na Larry Kert, Septemba 1957, Lieberson akiwa mtayarishaji. Mwaka 1984 Bernstein, ambaye alikuwa hajawahi kuiongoza kazi hiyo yote katika rekodi, aliamua kuifanya kwa waimbaji wa opera: Kiri Te Kanawa akawa Maria, José Carreras akawa Tony. Kumbukeni hadithi yenyewe. Tony ni kijana wa New York mwenye asili ya Poland, na Maria ametoka Puerto Rico. Sasa Maria anaimbwa na bibi wa New Zealand kwa matamshi safi, na Tony, yule mzaliwa wa mtaani, anaimbwa na Mhispania ambaye lafudhi yake haijifichi. Wahusika wamebadilishana pasipoti! BBC walikuwepo na kamera, na katika filamu yao unamwona Carreras akihangaika na maneno huku uso wa Bernstein ukikunjamana. Okestra ni ya kuvutia, sikatai. Ukitaka kusikia vizuri alichoandika Bernstein kwa ala za shaba na ngoma, isikilize. Ila wale vijana wawili wanaopendana na kuangamia hawamo. Wamo katika ile ya 1957, wenye sauti nyembamba zaidi na pumzi fupi zaidi.

Kinyume chake ni Elaine Stritch. Mei 1970 waigizaji wa Company, tamthilia ya Stephen Sondheim, walikuwa studioni chini ya mtayarishaji Thomas Z. Shepard, na D. A. Pennebaker akapiga filamu kazi nzima. Stritch alikuwa na wimbo wa mwanamke mlevi anayewanyanyulia glasi wanawake wa tabaka lake, kwa dhihaka, naye akiwa mmoja wao. Usiku ukaenda, sauti ikakauka, akarudia na kurudia, kila mara vibaya kuliko ile iliyotangulia. Mwishowe walirekodi okestra peke yake, wakamwambia akapumzike. Alirudi siku nyingine na kuumaliza juu ya okestra ile. Ukiusikiliza sasa huwezi kuuita uimbaji mzuri kwa kipimo cha mwalimu wa kwaya. Ni wa kutisha, na hakuna mwigizaji aliyeuimba baadaye ambaye hakulazimika kuupita huo kwanza. Mtayarishaji mwingine angesema inatosha saa saba za usiku. Shepard hakusema.

Na tuone mtayarishaji anaposhindwa, au anapokwamishwa na kampuni yake. Follies, pia ya Sondheim, ilifunguliwa mwaka 1971: wacheza maonyesho wa zamani wanakutana katika ukumbi unaokaribia kubomolewa. Nyimbo ni nyingi, kwa sababu kila mmoja wa wale wazee ana wake wa kukumbuka. Ilihitaji santuri mbili. Capitol ikatoa moja. Nyimbo kadhaa zikaachwa nje, nyingine zikakatwa katikati, na wapenzi wa Sondheim hawajaisamehe kampuni hiyo mpaka leo. Jambo la kuumiza ni kwamba waigizaji wale, Alexis Smith, Dorothy Collins, Yvonne De Carlo na wenzao, hawakuwahi kurekodi upya kwa ukamilifu. Septemba 1985 Shepard alisimamia onyesho la tamasha katika ukumbi wa Avery Fisher, New York, na New York Philharmonic nzima ikapiga, likarekodiwa moja kwa moja. Barbara Cook alikuwepo, na George Hearn, na Mandy Patinkin, na Lee Remick, na Stritch pia. Mwaka 2011 ikaja rekodi ya marudio ya Broadway, diski mbili, na mazungumzo ndani yake.

Watu huniuliza: ya 1971 ni ya waigizaji wa kwanza, je, si ndiyo halali? Uhalali haunisumbui. Anayeanza aanze na ya 1985, kwa sababu ya Barbara Cook, na kwa sababu hadhira inasikika ikitambua inachopewa. Akishaijua kazi, ndipo arudi kwenye ile ya 1971 iliyokatwakatwa kumsikiliza Dorothy Collins, na hasira yake dhidi ya Capitol itakuwa na msingi. Ya 2011 ni kamili kuliko hizo mbili na ndiyo ninayoifungua mara chache.

Ukamilifu ni anasa ya siku hizi, tangu nafasi ilipoacha kuwa tatizo. Les Misérables ina rekodi ya 1988 iliyokusanya waimbaji kutoka nchi mbalimbali na kurekodi muziki wote, diski tatu. Nzuri kwa mwanafunzi anayefuatilia nota, nzito kwa mtu aliyekaa sebuleni. Kwake yeye ni ile ya London ya 1985, ya Colm Wilkinson, Roger Allam na Patti LuPone. Hamilton ya 2015 ni jambo tofauti. Ina vipande 46 na karibu tamthilia yote imo, lakini kazi hiyo inaimbwa au kughanwa tangu mwanzo hadi mwisho, na waliokaa nyuma ya kioo, Questlove na Black Thought wakiwemo, walikuwa watu wa hip hop waliojua ngoma isikike vipi kwenye spika za gari. Tena mtunzi wake, Lin-Manuel Miranda, aliacha nje onyesho moja fupi kwa makusudi, aliyekwenda ukumbini apate cha kwake.

Kuna rekodi nyingine ambazo bila mtayarishaji mwenye moyo tusingekuwa nazo kabisa. Anyone Can Whistle ilifungwa Aprili 1964 baada ya maonyesho tisa. Kibiashara hiyo ni maiti. Lieberson aliwaita waigizaji, Angela Lansbury na Lee Remick miongoni mwao, akawarekodi siku iliyofuata. Merrily We Roll Along ilifungwa Novemba 1981 baada ya maonyesho kumi na sita. Shepard naye akarekodi kesho yake. Vijana wale walikuwa wametoka kupoteza kazi, na unawasikia wakiimba kama watu wasiotaka kutoka chumbani. Tamthilia hiyo ilirudi Broadway mwaka 2023 ikashangiliwa, na santuri ya Shepard ndiyo iliyokuwa imewalea mashabiki wake kwa miaka arobaini. Anayetafuta rekodi bora kwa kufuata orodha ya tamthilia zilizofanikiwa atazikosa hizi mbili.

Afrika pia inatupa mtihani wetu. King Kong, hadithi ya bondia Ezekiel Dlamini, yenye muziki wa Todd Matshikiza, ilifunguliwa Johannesburg Februari 1959 na ikarekodiwa hukohuko. Mwaka 1961 ilikwenda London ikarekodiwa tena. Ya London imepigwa msasa kwa masikio ya London. Ya Johannesburg ina Miriam Makeba, ambaye London hakuwemo kwa kuwa alikwisha kwenda Marekani, na nafasi yake aliishika Peggy Phango. Sina haja ya kuwaeleza watu waliokua na Malaika ya Makeba redioni ni ipi ninaipendekeza. Na The Lion King, wazazi, msiwape watoto nyimbo za filamu peke yake. Rekodi ya Broadway ya 1997 ina nyimbo ambazo hazikuwa katika filamu ya 1994. Kadhaa kati yake zilitoka katika albamu ya 1995 ambayo Lebo M wa Afrika Kusini alishiriki kuitunga baada ya filamu, na kwaya yake ndiyo inayobeba kazi yote. Pale filamu inapomtegemea nyota, jukwaa linaitegemea kwaya.

Kwa hiyo mkitafuta, geuzeni jalada. Tazameni mwaka: je, tamthilia ilikuwa na siku kumi au miaka mitatu? Tazameni jina la mtayarishaji. Mkimkuta Lieberson au Shepard, chukueni hata kama hamjawahi kuisikia tamthilia hiyo. Kisha chagueni wimbo mmoja, usiwe ule maarufu, uwe ule ambao mhusika anabadilisha nia katikati. Usikilizeni katika rekodi mbili. Kama hamkusikia nia ikibadilika, hiyo si yenu.

Mwenyekiti aliniambia nisiondoke bila kutaja moja. Naitaja: Sweeney Todd ya 1979, Len Cariou na Angela Lansbury, okestra iliyopangwa na Jonathan Tunick, Shepard nyuma ya kioo, santuri mbili zisizotaka haraka. Marudio ya 2005, ambayo waigizaji kumi walijipigia ala wenyewe, ni ya kijasiri na nayaheshimu. Lakini kinyozi yule anayeua wateja wake hajawahi kusikika akicheka na kulia kwa pamoja kama katika ile ya kwanza. Isikilizeni yote kwa mkao mmoja, maneno yake mkiwa nayo mkononi, kisha njooni tubishane.